Magunia Matatu Darini

Jumatatu, 6 Januari 1975

Mkutano wa kijiji, saa nne asubuhi. Nimelianza daftari hili leo kwa sababu mambo makubwa yanakuja, na ni vizuri yaandikwe na mtu mhusika. Mtu huyo ni mimi, Kornel, darasa la nane, balozi wa nyumba kumi za Kisimani, kijiji cha Mshikamano, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka stesheni ya Usoke. Saa moja na nusu kama mnyororo hautoki.

Hali yenyewe: mvua ilichelewa, ikaja, ikakatika. Mahindi yako chini ya goti. Tulihamia hapa Septemba, na wengi waliiacha mihogo yao kwenye mashamba ya zamani, sasa inaliwa na nguruwe mwitu. Ghala la kijiji lina magunia ishirini na mawili, mtama na michembe, vile viazi vibichi vilivyokatwa vikaanikwa. Nyumba ni sitini. Mwenyekiti wetu, Shaban, aliisoma hesabu hiyo mara mbili, mara ya pili polepole, labda akitumaini itaongezeka.

Ndipo akasimama Mama Leonia. Mjane, mfupi, sauti ya kengele ya misheni. Akasema tukigawa magunia nyumba kwa nyumba, kabla mwezi haujaisha tutakuwa tunachunguliana vyungu. Akataka turudie shikome, ule moto wa uani ambapo majirani walikuwa wakila pamoja jioni, kila nyumba ikileta chungu chake. Ila zamani walikula wanaume tu. Sasa kila mtu ale, watoto na wazee kwanza. Mioto minne, nyumba kumi na tano kila moto. Mwenye michembe alete michembe, mwenye mlenda alete mlenda, asiye na kitu alete kuni na mikono yake. Ghala lizibe pengo. Na kila moto uwe na shamba lake la vyakula vya haraka: kunde, viazi, maboga.

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, ila yangu yalikuwa ya kisiasa. Maana Shaban alitangaza kwamba Jumamosi tarehe 8 Februari tutamchagua Mwenyekiti wa Kamati ya Chakula. Leonia alinitazama moja kwa moja. Pengine alikuwa anamtazama mbuzi aliyekuwa nyuma yangu, lakini mimi nilielewa.

Siri, na isitoke humu: darini kwangu kuna magunia matatu ya matobolwa. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama kwato. Alivilima mke wangu, Maua. Akavichemsha Maua, akavianika Maua. Wazo la kuvipandisha darini lilikuwa langu.

Mpango: kunyamaza. Njaa ikishabana vizuri, tarehe 8 Februari nayashusha magunia mbele ya kijiji kizima. Watu wanalia kwa furaha. Kura zote kwangu!

Nimemweleza Maua. Ameuliza kama watu watakaoshinda na njaa kuanzia leo mpaka tarehe nane wamearifiwa kuhusu mpango huo. Maua hana uzoefu wa siasa.

Jumatano, 8 Januari

Nimeishona midomo ya magunia yote matatu kwa uzi wa katani. Fundo ni la kwangu mwenyewe, hakuna mwingine duniani anayelijua. Nililifungua moja kujaribu, ikanichukua nusu saa.

Jioni, shikome ya kwanza, moto wetu wa Kisimani. Nilikuwa nimemwagiza Maua apeleke mlenda, na mlenda usiwe mwingi. Alitangulia na chungu kilichofunikwa. Mwanamke mtiifu.

Sasa habari nzito. Palikuwa na matobolwa! Yamelowekwa, yakapikwa na karanga za kutwangwa, laini, matamu. Nilikula kwa kupokezana mikono. Maua wangu hajawahi kunipikia matobolwa ya namna ile. Nikamuuliza Leonia yametoka wapi. Akasema yametoka kwenye nyumba moja yenye moyo.

Nyumba ipi? Hakusema. Kumbe katika kijiji hiki kuna mtu mwingine mwenye matobolwa, na anayatoa bure, tena mwanzoni kabisa, wakati hakuna hata mtu mmoja aliyekonda! Huyo ama ni mpumbavu ama ni mgombea. Lazima nimjue.

Ijumaa, 10 Januari

Uchunguzi umeanza. Namshuku Mzee Jilala, Msukuma wa Igunga, mwenye ng'ombe saba. Mtu mwenye ng'ombe saba na asiyesema sana lazima ana lengo. Moto wake ni wa Zizini, upande wa pili wa kijiji.

Nilikula kwanza Kisimani, kwa adabu. Halafu nikashika njia ya Zizini kama mtu anayenyoosha miguu. Jilala akanikaribisha. Kulikuwa na ugali wa mtama, maziwa ya mgando, na matobolwa! Yaleyale! Nilijilazimisha kula mengi ili kuthibitisha. Ladha ni moja. Mpishi wa Kisimani na wa Zizini wanapata kutoka nyumba moja.

Jilala aliponiona nafuta bakuli kwa kidole akacheka, akasema Mnyamwezi akienda safari hubeba mzigo begani, lakini leo kaona Mnyamwezi anaubeba tumboni. Nilimjibu kwamba Msukuma angeweza kubeba pia kama angejua kuhesabu zaidi ya ng'ombe. Tumecheka wote. Lakini uso wake niliusoma: haukuonyesha kitu. Dalili mbaya.

Faida ya pembeni ya uchunguzi huu: nimeshiba mara mbili. Sioni sababu ya kuuharakisha.

Jumamosi, 11 Januari

Kikao cha mioto yote. Nilikuwa nyuma, naandika pendekezo langu la kuundwa kwa cheo cha Mkaguzi wa Mioto, atakayeonja kila chungu kila jioni kwa niaba ya wananchi. Nilikuwa kwenye sentensi nzuri sana niliposikia Shaban akiuliza nani anaunga mkono. Mikono yote ikapanda. Nikapandisha wangu, mtu asije akasema sina umoja.

Kumbe ilikuwa hoja ya Leonia. Anayekula kwenye mioto miwili apeleke chungu kwenye mioto miwili, na alime kwenye mashamba mawili. Imepita bila kupingwa. Shaban akanishukuru kwa jina kwa kuwa wa kwanza kujitolea.

Nikasimama kufafanua. Makofi yakanizidi. Maua alikuwa anapiga kuliko wote.

Jumanne, 14 Januari

Jana nililima Kisimani. Leo nimelima Zizini. Kesho Kisimani. Keshokutwa Zizini.

Wasukuma wanalima kwa ngoma. Wanapanga mstari, majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja, na mpiga ngoma anaongeza mwendo bila huruma. Nikaona pale pana nafasi: mpiga ngoma halimi. Nikasema mimi ngoma ndiyo fani yangu tangu shule. Wakanipa. Nikapiga taratibu, kwa busara, kwa kujali migongo ya wananchi. Mstari mzima ukaanza kusinzia. Nikaongeza. Kina mama wakatupa majembe wakaanza kucheza. Jilala akaichukua ngoma kwa upole akanipa jembe, akasema wabeja, asante, tumeona.

Mikono ina malengelenge sita. Shamba la kunde limepandwa lote. Sijui kwa nini naandika hilo la pili, halinihusu.

Tatizo kubwa: chungu cha pili. Maua amesema yeye anapika kimoja. Cha moto wa ziada kitafutwe na mwenye tumbo la ziada. Nimepanda darini, nimeyapapasa magunia. Yamejaa. Fundo liko vilevile. Kugusa hata tobolwa moja ni kuuharibu mpango. Nimeshuka.

Ijumaa, 17 Januari

Asali! Nimewapita wote kwa mbali. Nani atakumbuka matobolwa ya mtu asiyejulikana siku Kornel atakapoleta ndoo ya asali?

Porini, njia ya kuelekea Sikonge, najua mninga wenye tundu. Nyuki wanaingia na kutoka kutwa nzima. Kesho alfajiri naenda na shuka la Maua, moshi, na ndoo mbili. Niliazima ya pili kwa Leonia mwenyewe. Aliniuliza ya nini. Nikamwambia ataona.

Jilala amenikuta naifunga baiskeli. Amesema Januari nyuki hawana asali, miti ndiyo kwanza inajipanga kutoa maua. Kila Mnyamwezi anajua hivyo, aliongeza, hata Wasukuma wameshasikia. Nilitabasamu. Mtu mwenye ng'ombe ananifundisha mambo ya nyuki!

Jumapili, 19 Januari

Januari nyuki hawana asali.

Nyuki wenyewe wapo.

Naandika kwa jicho moja. La pili limefungwa na halitarajii kufunguka kabla ya Jumatano. Midomo imekuwa mikubwa kiasi kwamba Maua amenilisha uji kwa kutumia majani ya boga yaliyokunjwa. Shuka lilibaki kwenye mninga. Ndoo ya Leonia imebondeka, maana niliivaa kichwani nikakimbia nayo mpaka nikaugonga mti mwingine.

Watu wa mioto yote miwili wamekuja kunipa pole. Bibi Batuli, mwenye miaka mingi kuliko reli, amekuja na fimbo yake. Nilimwamkia shikamoo, ikatoka kitu kingine kabisa, lakini aliitikia marahaba. Akaniambia kijana, kuanguka kwa ajili ya kulisha watu si aibu. Leonia alisema ndoo si kitu. Jilala alileta maziwa.

Nafurahi kwamba nusu ya uso wangu haikuweza kuonyesha chochote. Nilijisikia vibaya kidogo. Imepita.

Ijumaa, 31 Januari

Siku mbaya kabisa tangu tuhamie hapa.

Lori la unga wa njano, ule wa msaada ambao vijana wa mjini wanauita Yanga, lilitakiwa lifike Jumatatu. Limekwama kwenye matope, dereva amerudi Tabora kutafuta chuma fulani. Ghala limeisha. Kimebaki kitu kimoja: mbegu. Magunia manne ya karanga na mtama wa kupanda, yanayosubiri mvua ya pili.

Jana mvua ilinyesha vizuri. Ardhi iko tayari. Na leo asubuhi baadhi ya wanaume wamesimama mlangoni pa ghala wakasema mbegu haina maana kwa mtu aliyekufa. Hawakuwa wakali. Walikuwa wamechoka tu, na hilo liliniogopesha zaidi. Leonia aliingia ndani, akakaa juu ya gunia la karanga, akasema wampe mpaka jioni. Tukila mbegu leo, alisema, Aprili hakuna shikome wala kijiji, kila mtu atarudi kwenye pori lake.

Nilifikiria magunia ya darini. Nasema kweli, nilifikiri. Nikasimama, nikafungua mdomo. Kisha nikahesabu siku: nane tu zimebaki mpaka uchaguzi. Nikakaa.

Jioni yule mtu asiyejulikana akafanya tena. Mioto yote minne! Vyungu vimejaa matobolwa, ya kushiba. Maua na Leonia walikuwa wanapakua, Maua akiwa na unga wa vumbi kichwani, sijui alikuwa anafagia wapi. Ya Bibi Batuli yalilowekwa tangu mchana na kupondwa kabisa, maana hana meno. Alikula polepole mpaka mwisho. Akanyoosha mikono akaiombea nyumba yalikotoka, isikose moto, isikose maji, isikose watu. Kila mtu akaitikia amina. Na mimi.

Machozi yalinitoka. Moshi ulikuwa mwingi.

Hakuna aliyegusa mbegu. Kesho zinapandwa.

Nimerudi nyumbani nimeyapapasa magunia. Yako mepesi kuliko mwanzo. Ni kawaida, kitu kikikauka kinapungua uzito. Hiyo ni sayansi, tulifundishwa darasa la saba.

Jumanne, 4 Februari

Lori limefika. Mbegu zimeshapandwa zote. Watu wanacheka tena. Inaniudhi kidogo, kwa sababu mpango wangu ulitegemea wawe na huzuni mpaka Jumamosi.

Haidhuru. Hotuba imefika kurasa sita. Inaanza na historia ya Unyamwezi, misafara, wapagazi, mababu zetu waliotembea mpaka pwani na mzigo begani. Inaishia na mimi. Nimemsomea Maua. Ameniomba niongeze sentensi moja ya kusema viazi vililimwa na nani. Nimemwambia hotuba imeshakuwa ndefu.

Halafu akaniuliza, polepole, kama sitaki kumwambia Leonia leo kuhusu magunia, mwenyewe, bila hotuba. Leo tu. Alikuwa ananitazama namna ya ajabu, kama mtu anayemsubiri mtu kwenye stesheni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, siku yenyewe imekaribia.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika yote kwa mpangilio.

Saa tatu, mkokoteni wa Jilala ukayaleta magunia yangu uwanjani, yamefunikwa na turubai. Jilala alilinyanyua moja kwa mkono mmoja akaniangalia. Nilimwambia ni sayansi.

Saa nne nikasimama. Nikasoma kurasa zote sita. Kwenye wapagazi watoto wawili walilala. Kisha nikavuta turubai. Magunia matatu! Watu wakanong'ona. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba kwa mwezi mzima, wakati wengine wakitoa kidogo kidogo, mimi nilikuwa nawatunzia. Nikaanza kufungua fundo. Dakika kumi. Shaban akanipa kisu.

Nikakata. Nikapindua gunia.

Magunzi. Magunzi makavu ya mahindi, ya mwaka juzi. Nikakata la pili. Magunzi. La tatu lilikuwa na magunzi na shuka jingine kuukuu, labda la kujazia nafasi.

Kuku mmoja alikuja akaonja, akaondoka.

Bibi Batuli ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Jilala. Halafu hakukuwa na mtu ambaye hacheki. Mimi nilikuwa bado nimeshika kisu.

Leonia akasimama, wakanyamaza. Akasema magunia hayo kijiji kimeshayapokea. Yalipokelewa debe kwa debe kuanzia siku ya kwanza ya shikome, na mioto yote minne imeyala. Siku ile ya lori, yaliyobaki yote yaliteremshwa kwa mara moja, na ndiyo sababu leo tuna mbegu ardhini na si tumboni. Mtoaji aliomba jina lisitajwe, alitaka mume wake apewe nafasi ya kuyaleta mwenyewe kwa mdomo wake. Alimsubiri mpaka jana. Sasa mtoaji asimame, kijiji kimshukuru.

Nikasimama. Kweli nilikuwa nimeshasimama, lakini nilijinyoosha zaidi. Makofi makubwa! Nikapunga mkono. Nilipogeuka nikamwona Maua naye amesimama, katikati ya wanawake, anatazama chini na anafuta macho. Makofi yalikuwa yanaelekea upande ule zaidi.

Kisha kura. Leonia akakataa kugombea. Akamtaja Maua. Maua amechaguliwa Mwenyekiti wa Kamati ya Chakula kwa kura zote, kasoro moja. Hiyo moja ni siri ya mpiga kura, lakini ilienda kwa mtu mwenye uwezo.

Jumapili, 9 Februari

Nimelala, nimetafakari, na sasa naona mambo kwa usahihi. Tumeshinda.

Tuanze na ukweli. Nani aliyepata wazo la kuyaweka darini? Yangewekwa chini panya wangeyamaliza. Nani aliyekuwa akiuchunguza ubora wake kwenye mioto miwili, kila jioni, kwa kujitolea? Kwa mwezi mzima nilikuwa namtafuta yule mgombea hatari, na kumbe alikuwa wa nyumbani kwangu! Cheo kiko chini ya paa langu. Jilala leo asubuhi amenisalimia kama mume wa Mwenyekiti, na nimeona heshima machoni mwake, au kitu cha karibu.

Maua hakunigombeza. Alinipakulia kunde mbichi za shamba la Zizini, majani ya kwanza, ambayo nililima kwa mikono hii. Nilimuuliza tu, kwa upole, aliwezaje kulifungua fundo langu. Akalileta gunia akalipindua. Kumbe hakuligusa. Mimi nilishona midomo, yeye alikuwa anafumua chini, anatoa debe, anajaza magunzi, anashona tena. Akaniambia pia kwamba viazi nilivila mwenyewe kuliko mtu yeyote katika kijiji hiki, mioto miwili, mwezi mzima, na kila jioni nikimsifu mpishi mbele yake.

Nikamaliza kunde zangu. Nilikuwa nafikiri. Na nimeona kosa lilikuwa wapi.

Kosa lilikuwa la kiufundi. Mwakani, viazi vikishavunwa, magunia yatakuwa manne, na yatashonwa juu, chini na ubavuni. Hayatakaa darini tena, pameshajulikana. Yatakaa chini ya kitanda. Siri hii tutaijua watu wawili tu, na kazi yenyewe inataka mtu mwangalifu, mwenye mkono mzuri wa kushona, na anayejua kutunza siri mwezi mzima bila uso kubadilika.

Nimeshampa Maua sindano na uzi.